Kipanga, Sungura na Deni la Mfugaji

Watu wengi huuliza kama ndege wawindaji ni hatari kwa sungura wanaofugwa nje ya nyumba. Swali hili lina jibu fupi, nalo ni ndiyo. Lakini jibu fupi halimalizi swali refu. Hatari ikiisha kujulikana, swali la pili huzaliwa: ni nani apaswaye kuugharimia usalama? Je, ni sungura, ni ndege, au ni mtu? Swali la kwanza ni la macho. La pili ni la moyo. Macho yakitazama vema huafikiana upesi, mioyo hukawia. Kusudi la insha hii ni kulijibu la kwanza kwa haki, bila ya kuzidisha wala kupunguza, na kulipima la pili kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu likamdhuru asiyehusika.

Nilikulia katika milima ya Usambara, si mbali na Lushoto, mahali ambapo mashamba ya mahindi na maharage hupakana na msitu. Nilipokuwa na umri wa miaka 11 mjomba wangu alinipa sungura jike mweupe aliyekaribia kuzaa. Nilimjengea banda la mabanzi, nikawa nikimkatia majani kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Akazaa watoto sita. Walizaliwa uchi, macho yamefumba, wanafanana na vidole kuliko wanyama. Walipotimiza majuma manne walikuwa wamevaa manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa, na mimi niliwapenda kwa mapenzi ya mtoto, ambayo aghalabu ni makubwa kuliko busara yake.

Alasiri moja niliwaonea huruma. Banda lilikuwa dogo, na majani mabichi yalikuwa hatua chache tu nje ya mlango. Nikawafungulia wakale wenyewe, kisha nikaenda kuteka maji. Nilikuwa katikati ya njia niliposikia kelele za kuku. Nilirudi mbio, nikamkuta kipanga akipaa kutoka uani na mtoto mmoja katika kucha zake. Mtoto wa pili alikuwa amelala kando ya ukuta. Hakuwa na jeraha lolote, walakini alikuwa amekufa. Mama yao alikuwa amejikunyata chini ya banda, anatetemeka.

Babu yangu alikuwa nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia kwa kilio, "Babu, kipanga ameniulia wanangu." Akaliweka chini panga lake, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Pole, mjukuu wangu. Kipanga amefanya kazi yake. Lakini kipanga hakufungua mlango."

Maneno haya yaliniuma kuliko hasara yenyewe. Niliyaona kuwa ni ukatili. Nimeyachukua kwa miaka mingi, na leo nayaona kuwa ni kweli, ingawa si kweli yote. Yanamwondolea ndege lawama, yanamtwisha mfugaji. Lakini hayasemi mlango ule ulipaswa kufungwa daima au la. Mlango niliufungua kwa huruma, si kwa uzembe peke yake. Kama huruma ni kosa, wema ni nini? Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, na kabla ya hukumu yafaa mashahidi wasikilizwe.

Shahidi wa kwanza ni ndege. Katika Afrika ya Mashariki tunao ndege wawindaji wa namna nyingi, na kuwaita wote kwa jina moja la adui ni uvivu wa akili. Mwewe, ambaye kila mtu wa pwani na wa bara humjua kwa mkia wake wenye panda, ni mwizi hodari wa vifaranga na wa samaki mnadani, lakini uzito wake haufiki kilo moja. Hawezi kumchukua sungura mzima wa kilo nne. Aweza kumchukua mtoto aliyetoka kiotani jana. Kipanga wa milimani, mwenye mkia wa rangi ya matofali, hula zaidi panya, fuko, mijusi na nyoka, walakini hakatai mtoto wa sungura aliyeachwa uwanjani. Tai ni habari nyingine. Tai wa msituni mwenye kishungi, ambaye wataalamu humwita Stephanoaetus coronatus, hukamata kima, perere, na hata paa waliomzidi yeye mwenyewe kwa uzito. Windo lisilobebeka huuawa chini, likachukuliwa kwa vipande. Mbele ya tai huyo ukubwa wa sungura haumpi kinga yoyote. Usiku nao una wenyewe. Bundi mkubwa wa Afrika, ambaye uzito wake huweza kupita kilo mbili, huwinda saa ambazo mfugaji amelala. Bundi watu wetu wamemzidishia chuki: mlio wake umehesabiwa uchuro, naye akapigwa mawe kwa kosa la sauti yake, ilhali bundi wale wadogo wakaao katika mapaa ya nyumba hulinda ghala kwa kula panya.

Basi ushahidi wa ndege ni huu: hatari ipo, lakini si sawa kwa kila sungura. Ni kubwa kwa mtoto, kwa mgonjwa, na kwa zile aina ndogo zifugwazo kwa uzuri tu, ambazo hata mmoja akikomaa uzito wake ni kama kilo moja. Hupungua kwa sungura mkubwa, lakini haimwishi yeyote. Tena ukucha si silaha ya pekee. Sungura ameumbwa mwoga, na hofu yenyewe yaweza kumwua. Teke lake la fadhaa laweza kuvunja uti wa mgongo wake. Moyo wake waweza kusimama kwa kivuli kilichopita juu ya wavu. Yule mtoto wangu wa pili hakuguswa na kipanga. Aliuawa na kumwona kipanga.

Shahidi wa pili ni sungura mwenyewe, na hapa jina limetudanganya. Tangu utoto tumesimuliwa habari za sungura mjanja, amshindaye simba kwa ulimi na fisi kwa hila. Sungura huyo wa hadithi ni mwenyeji wa nyika zetu. Huzaliwa ana manyoya na macho yamefumbuka. Hachimbi shimo, hulala katika majani, na mbio zake ndizo ngome yake. Sungura wa bandani ni mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno na kusini ya Ufaransa, na ngome yake ni shimo. Huko kwao hula karibu na mlango wa shimo lake. Macho yake, yaliyowekwa ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote kwa mara moja. Akiona hatari hupiga mguu wa nyuma chini kuwaonya wenzake, kisha wote huzama ardhini. Tai na sungura wameishi pamoja katika nchi hiyo kwa maelfu ya miaka. Tai hakummaliza sungura, kwa sababu sungura alikuwa na shimo.

Mtu alipomchukua sungura huyu akamfanya wake, alimwondolea vitu vitatu. Alimwondolea shimo, akampa sanduku. Alimwondolea rangi ya udongo iliyomficha, akamchagulia weupe unaoonekana kutoka mbali kama shuka iliyoanikwa kambani. Na katika aina nyingine alimwondolea hata masikio yaliyosimama, akamzalisha mwenye masikio ya kulala, kwa kuwa yalimpendeza mtazamaji, bila ya kujali kwamba sikio lililosimama husikia vema zaidi. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichofanywa na ndege. Kipanga hakumpaka sungura rangi nyeupe. Ndege hukuta karamu imeandaliwa, naye hajui mwandalizi ni nani wala kwa nini aliandaa.

Hata hivyo, haki hutaka lisemwe pia hili: ndege si adui mkubwa kuliko wote wa sungura wa uani. Mbwa wa jirani, paka mwitu, nguchiro, kanu na nyoka wote huingia katika hesabu hii, na wengi wao huingia pasipoonekana. Tena kuna siafu. Mfugaji wa milimani ajua kwamba banda lililo imara kabisa, ambalo tai hawezi kulivunja wala kanu kulipenya, huwa jeneza siafu wakipita usiku, maana aliyemo ndani hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo wazee huiweka miguu ya banda katika makopo ya mafuta machafu, na kumwaga majivu kuzunguka. Nalitaja jambo hili ili ionekane kwamba kufuli peke yake si usalama. Ukuta humzuia adui wa nje, na humzuia pia rafiki wa ndani asikimbie.

Yupo atakayesema: basi sungura na wafungiwe daima katika banda lenye makopo ya mafuta, mambo yaishe. Shauri hili lina sura ya busara, lakini ndani yake mna dhuluma. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na ni majani yayapunguzayo. Mifupa yake hutaka mbio. Asiyekimbia mifupa yake hudhoofika. Nyayo zake zikikaa siku zote juu ya waya au ubao mchafu hupata vidonda. Sungura atunzwaye vema aweza kuishi miaka minane na zaidi. Miaka minane ndani ya sanduku ambalo hawezi hata kuruka mara tatu mfululizo ni kifungo ambacho hakimu wa wanadamu hakitoi ila kwa kosa kubwa, na sungura hana kosa. Kumlinda mtu na mauti kwa kumnyima maisha ni ulinzi wa namna gani? Huruma iliyonifungulia mlango haikuwa na makosa katika kutamani. Ilikuwa na makosa katika kwenda zake mtoni.

Sasa twaweza kulitazama swali la pili. Usalama una gharama, na gharama haikwepeki. Asipoilipa huyu, hulipa yule. Wawezao kuilipa ni watatu. Aweza kuilipa sungura, kwa kutoa uhuru wake wote. Aweza kuilipa ndege, kwa kutoa roho yake. Aweza kuilipa mfugaji, kwa kutoa kazi yake, mali yake na wakati wake. Mimi nasema kwamba haki ni hii: alipe yule aliyetaka jambo liwe. Sungura hakuomba kuletwa uani kwetu. Ndege hakuomba sungura aletwe. Aliyetaka ni mtu, kwa furaha yake. Na furaha ambayo gharama yake imetwishwa mwingine ni wizi, ingawa mwizi wake ana uso wa upole.

Nayasema haya kwa ujasiri kwa kuwa nilijaribu kumtoza ndege. Baada ya kifo cha wale watoto wawili sikumsikiliza babu. Nilinunua sumu ya panya dukani, mahali ambapo huuzwa kwa urahisi kama chumvi, nikaichanganya na matumbo ya kuku, nikayaweka juu ya jiwe nyuma ya banda. Niliketi nikingoja kisasi. Kipanga hakuja siku ile wala siku ya pili. Asubuhi ya siku ya tatu nyama haikuwepo, nami nikafurahi. Furaha yangu haikufika adhuhuri. Ng'ambo ya kijito alikaa bibi mmoja mjane, ambaye mali yake ilikuwa shamba dogo la mahindi kando ya msitu, na msaidizi wake wa pekee alikuwa mbwa, aliyewafukuza kima na nyani shambani. Mbwa yule alikutwa amekufa njiani, povu mdomoni.

Sumu haina macho. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu anayetaka kumwua kipanga kwa sumu apaswa kulikumbuka. Huwekwa kwa jina la mmoja, ikaliwa na mwingine. Na maiti wa kwanza huwa chambo cha wa pili. Kunguru aliyekula mzoga wa mbwa hufa, tumbusi aliyemla kunguru hufa, na aliyeiweka sumu yu nyumbani kwake anasema amejihami. Tai mkubwa wa mbuga, Polemaetus bellicosus, ambaye zamani alionekana katika sehemu nyingi za Afrika, mwaka 2020 alihesabiwa rasmi miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Kupotea kwa makao yake ni sababu mojawapo. Risasi na sumu za wafugaji ni sababu nyingine. Kila mmoja wao alikuwa analinda kitu chake. Hakuna aliyekusudia kumaliza ndege wote. Kila mmoja alikusudia ndege mmoja tu, aliyekuwa juu ya uwanja wake.

Mfano ulio mkubwa zaidi watoka katika nchi ya asili ya mnyama huyu, na ndani yake sungura ndiye aliyekuwa mshitakiwa. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alichoka na sungura mwitu walioharibu mimea katika shamba lake huko Maillebois. Shamba lilikuwa na ukuta, naye akauamini ukuta wake. Akawatia sungura wawili ugonjwa uitwao miksomatosi, akawaachia. Ugonjwa haukuuheshimu ukuta. Ulienea Ufaransa, na mwaka uliofuata ukaingia Hispania na Uingereza, ukaua sungura kwa mamilioni, wa mwituni na wa mabandani. Huko Hispania tai wa kifalme, ambaye chakula chake kikubwa ni sungura, alipungukiwa na riziki, na upungufu huo ukawa miongoni mwa sababu za kudhoofika kwake. Jambo ambalo tai hakulifanya kwa maelfu ya miaka, mtu mmoja mwenye elimu alilianzisha kwa ajili ya shamba moja. Tusimcheke. Kati ya daktari yule na mtoto wa miaka 11 mwenye matumbo ya kuku mkononi, tofauti ni ya ukubwa wa shamba tu. Fikira ni ile ile: kwamba gharama ya starehe yangu yaweza kutupwa nje ya ukuta, na kwamba nje ya ukuta hakuna mtu.

Mabishano mawili yastahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba kipanga ni mwuaji, na mwuaji hana haki. Jibu lake ni kwamba neno mwuaji lina maana mahali penye hiari. Kipanga hana chakula cha pili. Makinda yake katika kiota humngoja kama watoto wetu wanavyotungoja na kikapu. Akiwahurumia sungura, atawaua makinda yake. Tena wengi wetu tunaomlaani kipanga jioni humchinja sungura siku ya sikukuu, nasi tuna mihogo, ndizi na maharage nyumbani. Simkatazi mtu nyama. Namkataza kuwa hakimu katika kesi ambayo yeye ni mshitakiwa mkubwa zaidi. Mtu aulaumuye ukucha na auangalie kwanza mkono wake unashika nini.

La pili ni kinyume cha la kwanza, nalo hupendwa na wavivu. Husema: mauti ni ya wote, hata mwituni sungura huliwa, basi mwache nje, na liwalo na liwe, hiyo ndiyo desturi ya dunia. Hoja hii ingesimama kama tungemwacha sungura katika dunia yake. Lakini tumekwisha kumtoa huko. Mnyama wa mwituni ana shimo, ana rangi, ana wenzake wa kumwonya. Wetu amenyang'anywa vyote, kisha anaambiwa aishi kwa desturi ya wenye navyo. Ni sawa na kumnyang'anya mtu mwavuli, halafu kumfundisha kwamba mvua hunyesha kwa wote. Amwondoleaye kiumbe kinga yake amejifanya mwenyewe kuwa kinga hiyo. Tumelichukua shimo la sungura. Basi tuna deni la shimo, na deni halilipwi kwa kumwambia mdai kwamba dunia ni ngumu.

Deni hili halilipwi kwa maneno bali kwa mikono. Mfugaji na amjengee sungura uwanja wa kukimbilia, uliozungushiwa waya wa matundu madogo, na kufunikwa juu pia, kwa sababu adui tunayemzungumza hatoki ubavuni. Waya na ushuke ardhini, maana sungura hajasahau kuchimba. Ndani ya uwanja na pawe na maficho, sanduku au mtungi uliolazwa, ili mnyama aonapo kivuli awe na mahali pa kuzama, kama jamaa zake wazamavyo. Maana wavu huzuia ukucha lakini hauzuii hofu. Watoto na wasitolewe kabla ya kupata nguvu. Usiku na warudishwe bandani, na makopo ya mafuta yatazamwe. Asiyekuwa na mali ya kununulia waya ana kitu kingine: anaweza kukaa. Saa moja ya jioni kando ya sungura wanaokula majani, kijana akiwa na kitabu chake mapajani, ni ulinzi mwema, kwa kuwa kipanga humwogopa mtu. Na asiyekuwa na waya wala saa moja, huyo na asifuge. Si aibu kutokuwa na sungura. Aibu ni kuwa naye kwa gharama ya mwingine.

Najua kwamba hata haya yote hayatoi usalama kamili. Waya hushika kutu; mlinzi husinzia; mlango husahauliwa. Mfugaji aliyetimiza wajibu wake aweza bado kupatwa. Lakini hasara yake haitakuwa sawa na yangu. Aliyelinda akashindwa hulia kwa huzuni. Asiyelinda hulia kwa huzuni na majuto, na mzigo wa pili ndio uvunjao mgongo.

Imebaki kusimulia namna nilivyolipa. Mbwa wa yule mjane alipokufa sikusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea babu, nikamweleza yote. Hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu, "Nani atamlindia bibi mahindi yake?" Kisha akanishika mkono, tukavuka kijito. Nilimwambia bibi yule kwa kinywa changu kwamba mbwa wake nimemwua mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, alikuwa ndiye mwenzangu." Hakusema zaidi. Ningaliona nafuu kama angalinitukana.

Msimu ule mzima, kila siku baada ya shule na siku zote za mapumziko, nilikaa dunguni katika shamba lake, nikiwafukuza kima kwa kombeo na makelele, mpaka mahindi yakavunwa. Nilijifunza hapo kazi ya ulinzi ni nini. Ni kazi isiyo na sifa: ikifanywa vema hakuna lionekanalo. Na nilijifunza jambo jingine. Mara kwa mara, kabla sijaona lolote, kima walikuwa wakipiga kelele za hofu na kuporomoka kutoka mitini, shamba likawa kimya. Na juu ya msitu ningemwona tai anazunguka taratibu, mbawa zake pana hazipigi. Kwa nusu saa hakuna kima aliyethubutu kuja. Ndege wa ukoo ule ule niliotaka kuuangamiza alikuwa mlinzi mwenzangu, wala hakudai ujira.

Watoto wanne waliosalia walikua. Nilijenga uwanja wa waya kidogo kidogo, kwa fedha ya kuuza majani ya ng'ombe. Kipanga yule, au mwingine aliyefanana naye, alikuja mara nyingi kukaa juu ya mti wa mkaratusi na kutazama chini. Sungura waliingia katika mtungi wao, wakatoka alipoondoka. Sikumtupia jiwe. Alikuwa na haki ya kutazama, nami nilikuwa na wajibu wa kufunga.

Basi nilijibu swali tulilolianza. Ndege wawindaji ni hatari kwa sungura wafugwao nje, hatari ya kweli, kubwa kwa wadogo na isiyokwisha kwa wakubwa. Lakini hatari ni jina la jambo lililo katika dunia. Kosa ni jina la jambo lililo katika mtu. Tusiyachanganye majina haya mawili. Kila tumchukuaye mikononi mwetu, awe sungura, awe mtoto, awe mwanafunzi, awe raia, huwa ameacha nyuma kinga fulani aliyokuwa nayo. Na anatutazama sisi kwa kinga hiyo. Tusimlipizie kwa kumfungia mwanga, wala tusimlipizie kwa kuua kila kirukacho juu yake. Tulipe sisi. Kipanga ataendelea kuruka, kama ilivyo haki yake. Mlango uko mkononi mwetu.